Matango-Mwitu ya Gilgali

Somo: 2 Wafalme 4:38–41



 Mwezi huu nawaomba mfungue Biblia zenu katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya nne, msome habari ya sufuria ya Gilgali. Ni mistari minne tu, nayo husomwa mara chache kanisani, labda kwa sababu imebanwa kati ya miujiza mikubwa. Kabla yake yuko mtoto wa yule mama Mshunami aliyefufuliwa, na baada yake kidogo Naamani anapona ukoma. Katikati hapo kuna habari ya mboga, na watu huiruka. Sisi wa Igunga tusiiruke, maana njaa tunaijua, na mboga za porini tunazijua, au tunadhani tunazijua.

Nchi ilikuwa na njaa. Elisha aliketi na wanafunzi wake, akaagiza sufuria kubwa itelekwe. Mmoja wao akatoka kwenda kutafuta mboga, akakuta mmea unaotambaa, wenye matunda kama matango. Akachuma mpaka nguo yake ikajaa, akarudi, akayakatakata, akayatia sufuriani. Walipoanza kula wakapiga kelele kwamba ndani ya chakula kile kuna mauti. Elisha akaomba unga, akautia, na chakula kikalika. Mwandishi anatuambia sababu ya msiba ule kwa neno moja: hawakuyajua.

Naomba tukae na neno hilo. Mtu yule hakuwa mbaya. Hakuwa mvivu, maana alijaza nguo nzima. Nia yake ilikuwa njema, na imani yake hatuna sababu ya kuitilia shaka, kwani alikuwa mwanafunzi wa nabii. Ila hakuujua mmea. Nia njema na imani njema havikubadili kilichokuwa ndani ya tunda lile.

Wataalamu wengi wa mimea ya Biblia wanadhani lilikuwa ni tango la jangwani ambalo katika elimu ya mimea linaitwa Citrullus colocynthis. Ni la ukoo mmoja na tikiti maji tunalolila. Mmea unafanana, jani linafanana, hata tunda likiwa dogo linafanana. Lakini ndani yake mna uchungu mkali ambao wakemia wanauita kukurbitasini, unaomharisha mtu vibaya sana, na ukizidi humuua. Uchungu huo huo hutokea mara moja moja hata katika maboga na matango ya shambani. Mama aliyelelewa kijijini hukata kipande, akakigusa kwa ulimi, na kikiwa kichungu hutema na kulitupa lote. Mama huyo hajasoma kemia, lakini anachofanya ni upimaji wa kemia, na chombo chake ni ulimi.

Sasa tazameni jambo ambalo halimo katika habari hii. Chakula kilipoonekana kuwa na mauti, hakuna aliyeuliza ni nani mchawi. Hawakumkamata yule aliyechuma. Hawakupiga ramli. Hata jina lake halikuandikwa, asije akanyoshewa kidole na vizazi vyote. Nabii wa Mungu, ambaye kama kuna mtu aliyeweza kuona mambo ya siri ndiye yeye, hakutafuta adui. Aliomba unga. Sitajaribu kueleza unga ule ulifanya kazi gani. Ulikuwa muujiza, na tafadhali mtu asijaribu kuuiga nyumbani kwake. Lakini kuhusu chanzo cha hatari Maandiko hayana fumbo. Chanzo kilikuwa ni kutojua.

Mnaelewa kwa nini nasema hayo. Katika nchi hii ya Wanyamwezi na Wasukuma, bibi vizee wameuawa kwa mapanga kwa miaka mingi kwa kudhaniwa wachawi. Macho yao ni mekundu kwa sababu wamepika maisha yao yote juu ya moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe. Mara nyingi kosa lao la pili ni kwamba wanajua miti. Bibi anayejua gome la kuzuia kuhara, anayeitwa usiku mtoto akishikwa na degedege, ndiye huyo huyo anayetazamwa kwa jicho baya mtoto akifa. Mchana tunamwita bibi, usiku tunamwita mchawi. Mkristo aliyekunywa dawa yake siku ya Jumatatu hawezi kunyamaza wakimjadili siku ya Alhamisi. Akinyamaza, ameshiriki.

Lakini upande wa pili nao una kosa lake. Wako Wakristo wetu wanaosema kwamba kila dawa ya mti ni ushirikina, na mtu aliyeokoka asiiguse. Ndugu hao nawaheshimu, maana wanaogopa ramli na matambiko, na wana haki ya kuyaogopa. Hata hivyo mti si ramli. Hezekia alipokuwa mgonjwa, Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Yoshua bin Sira, katika sura yake ya thelathini na nane, anatufundisha kwamba dawa zimetolewa na Bwana katika ardhi, na mwenye busara hazidharau. Na Sulemani, Mungu alipompa hekima, mojawapo ya mambo yaliyohesabiwa kuwa hekima hiyo ni kwamba aliweza kunena habari za miti, kuanzia ule mkubwa wa Lebanoni mpaka kale kamea kanakoota kwenye nyufa za ukuta (1 Wafalme 4:33). Haikusemwa kwamba alipoteza wakati.

Basi kuijua mimea ni nini? Naona ni mambo kama matatu, na la kwanza ni jina.

Mtaniambia jina ni jambo dogo. Mti ambao Wanyamwezi wanauita muzima, Wasukuma wanauita nzima. Hapo hakuna shida. Lakini yako majina yanayobeba miti miwili au mitatu isiyo na undugu, na iko miti yenye jina moja Ziba na jina jingine Nzega. Huko Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake wengi waliokwenda kliniki moja kutafuta dawa ya kupunguza unene walipewa dawa ya mimea ya Kichina. Mimea miwili ilikuwa na majina yanayofanana kwa Kichina, na mmoja ukatiwa mahali pa mwingine. Ule uliotiwa kwa makosa ulikuwa wa ukoo wa Aristolochia, unaoharibu figo. Wengi wao figo zilikufa kabisa, na wengine baadaye wakapata saratani. Hawakuyajua. Na hiyo ilikuwa nchi tajiri, yenye hospitali kubwa, wala si Gilgali wakati wa njaa.

Ndiyo maana watu wa elimu ya mimea hawaridhiki na jina la kusikia. Huchukua tawi lenye jani na ua au tunda, wakalibana kati ya karatasi mpaka likauke, wakaandika limetoka wapi, siku gani, na wenyeji wanaliitaje. Kazi hiyo ni ya zamani hapa kwetu kuliko wengi wanavyodhani. Njia ya misafara iliyopita Tabora ilibeba pembe za ndovu, na kwa aibu yetu sote ilibeba watu waliofungwa minyororo. Lakini ilibeba pia mafungu ya majani makavu. James Augustus Grant, mtoto wa mchungaji wa Nairn huko Scotland, alifika Kazeh, ndiyo Tabora, mwezi wa Januari 1861 pamoja na Speke, wakitafuta chanzo cha mto Nile. Njiani alichuma mimea, akaikausha, akaandika pia jinsi wenyeji walivyoitumia. Mimea hiyo ilifika katika bustani ya Kew, London, na maelezo yake yakachapishwa kati ya 1872 na 1875. Wapagazi waliobeba mizigo ile, na wazee waliomwambia mti huu ni wa nini, hawakuandikwa wote majina, ila bila wao Grant angerudi na majani tu.

Kazi kubwa ya kuandika mimea yote ya porini ya Afrika ya Mashariki ilianza kuchapishwa mwaka 1952 na kumalizika mwaka 2012. Fikirini, miaka sitini! Imeorodhesha aina zaidi ya 12,000. Na Watanzania nao hawakulala. Mwaka 1974 kilianzishwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili pale Muhimbili, ambacho mwaka 1991 kilikuwa Taasisi ya Tiba Asili. Mwaka 1982 na 1983 wataalamu wetu, akiwamo Profesa Keto Mshigeni, pamoja na wenzao wa Sweden, walichapisha orodha ya mimea ya tiba ya Tanzania. Christopher Ruffo aliandika juu ya mimea ya dawa ya Mkoa huu wa Tabora, na mwaka 2011 yakachapishwa matokeo ya uchunguzi wa dawa za msitu wa Urumwa, karibu na mji wa Tabora. Kwa hiyo mtafiti akija kijijini na daftari lake, msimfukuze mkidhani amekuja kuiba mvua. Mwulizeni kibali chake, mwulizeni pia kijiji kitapata nini, kisha mwambieni kweli.

Jambo la pili ni kujua kilichomo ndani ya mmea, nayo ndiyo kemia. Hapa napenda kukaa kidogo, maana wengi tunadhani kwamba Mungu aliweka dawa mtini kama duka la dawa linavyopanga chupa. Sivyo kabisa. Mti hauna miguu wala pembe. Mbuzi akija, mti hauwezi kukimbia. Panzi akija, hauwezi kumfukuza. Kwa hiyo umepewa ukali, uchungu na harufu vya kujilinda. Ukali unaokausha mdomo ukitafuna gome la mgunga huitwa tanini, na ndio huo huo unaofanya ngozi mbichi isioze. Povu linalotoka katika mizizi ya mkalya ni la vitu viitwavyo saponini, vinavyofanya kazi karibu kama sabuni. Mzizi wa mteyu, ambao Wasukuma huuita nengonengo, ukiukwangua una harufu ile ile ya dawa ya kuchua misuli inayouzwa dukani, kwa sababu kitu kilichomo ni kile kile, methili salisileti, ndugu wa aspirini. Lakini nawasihi, mzizi huo una sumu, na watu wamekufa kwa kuunywa. Ulinzi wa mti dhidi ya panzi unaweza kuwa tiba ya mtu, au mauti ya mtu. Mti wenyewe haukukusudia lolote kati ya hayo mawili. Bwana aliyeuumba ametuachia sisi akili ya kutenganisha.

Hata namna ya kuandaa ni kemia. Mnaijua dawa mseto ya malaria, ambayo Tanzania iliichagua mwaka 2006. Sehemu moja ya dawa hiyo asili yake ni mmea wa jamii ya pakanga. Mama mmoja mtafiti wa China, Tu Youyou, mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliuchemsha mmea huo kama dawa nyingine zinavyochemshwa, asipate nguvu ya kutosha. Akarudi kusoma kitabu cha mganga wa kale wa karne ya nne, akaona kwamba yule mzee aliuloweka katika maji na kuukamua, wala hakuuchemsha. Moto ndio uliokuwa unaiharibu dawa. Akabadili njia, na dawa ikapatikana. Mwaka 2015 alipewa Nishani ya Nobel. Mzee wa karne ya nne alijua jambo ambalo maabara haikulijua, na maabara ikajua sababu ambayo mzee hakuijua. Walihitajiana.

Bibi zetu nao walikuwa na kemia yao. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Kuuloweka na kuuanika siku za kutosha huitoa sumu hiyo, na hilo lilijulikana kabla ya shule yoyote kujengwa hapa. Mwaka 1985 huko Tarime, wakati wa ukame, watu wenye njaa walifupisha siku hizo, wakala unga ambao haukuiva kwa dawa ya jua na maji. Wengi, hasa wanawake na watoto, wakapooza miguu ghafula kwa ugonjwa uitwao konzo, nao haurudi nyuma. Ilikuwa ni sufuria ya Gilgali tena. Haikuwa kwamba hawakujua. Njaa iliwanyima nafasi ya kutenda walilolijua. Mwenye chakula ghalani mwaka wa ukame, na alifikirie hilo.

La tatu ni kipimo. Daktari John Kirk, aliyefuatana na Livingstone katika safari ya mto Zambezi, aliwahi kusafisha meno kwa mswaki uliokuwa mfukoni pamoja na sumu ya mishale iitwayo kombe, akahisi mapigo ya moyo wake yamebadilika. Baadaye Profesa Fraser wa Edinburgh aliichunguza sumu hiyo, na kwa miaka mingi hospitali za Ulaya ziliitumia kutibu moyo. Ndugu wa mmea huo anaota hapa Tanzania, na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hupaka sumu yake katika mishale. Amepewa jina la Emin Pasha, yule aliyepita Tabora mwaka 1890. Kitu kimoja, kipimo kidogo kinainua moyo, kipimo kikubwa kinaangusha nyati. Na sisi tunapimaje? Ganda la mkono mmoja, kikombe kimoja, «kunywa mpaka upate nafuu». Mtoto mwenye kilo kumi hupewa sawa na baba mwenye kilo sabini. Mganga wa kweli huwa na kipimo. Asiye nacho mwogopeni, hata kama anaomba kabla ya kukupa.

Nikisema hivyo najua mnakumbuka Loliondo. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walikwenda Samunge kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe kimoja kwa shilingi 500. Mzee huyo alifariki mwaka 2021 na simhukumu. Hakutajirika kama wengine wanavyotajirika kwa jina la Yesu. Mti alioutumia, mugariga, unajulikana kwa makabila mengi na una kazi zake. Lakini hakuna uchunguzi uliothibitisha kwamba unaponya UKIMWI, na wako walioacha vidonge vyao vya hospitali, wakafa. Imani ilikuwa nyingi katika foleni ile. Yule wa Gilgali naye alikuwa na imani. Mungu hakutupa imani ili itufanyie kazi ambayo ametupa macho kuifanya.

Basi mgonjwa wako akiwa anatumia dawa ya mti, mwambie daktari. Usione haya, maana dawa mbili zinaweza kugombana tumboni. Mtoto mwenye homa kali apelekwe zahanati kwanza. Mambo ya gome yangoje. Mganga anayekuuliza adui yako ni nani, amekwisha kuacha miti na kuingia katika damu; ondoka hapo. Na mganga wa miti aliye mwaminifu aandikishwe, maana tangu sheria ya mwaka 2002 kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, wala si dhambi kutambuliwa na Serikali.

Tena tusiue miti inayotuponya. Anayechuna gome kuzunguka shina lote ameua mti kwa ajili ya kikombe kimoja. Chuna upande mmoja, kipande kidogo, uufunike kwa udongo. Wazee wa Kisukuma walikuwa na ngitili, sehemu iliyofungwa ng'ombe wasiingie mpaka majira yake. Jirani zetu wa Shinyanga waliirudisha desturi hiyo tangu mwaka 1986, na mahali palipokuwa jangwa pakaota tena. Nyika yetu ya kuelekea Wembere inazidi kuwa tupu kwa mkaa na mifugo, na aina ikitoweka hapa haitaulizwa tena ilikuwa na nini ndani.

Kwa hiyo nina ombi kwa mitaa yote ya parishi. Vijana wa kipaimara, kila mmoja amtafute mzee mmoja, hasa bibi anayekaa peke yake, amtembelee mchana kweupe watu wakiona, amwulize habari za mti mmoja tu. Aandike majina yake yote anayoyajua bibi huyo, unaota wapi, unatumiwa sehemu gani, unaandaliwaje, kipimo chake ni kipi, na ni nani hapaswi kupewa. Jina la bibi liandikwe juu ya karatasi kama mwalimu, akikubali. Daftari litakaa ofisini kwa kasisi, na halitatolewa kwa mtu wa nje bila wazee wenyewe kuulizwa. Jumapili ya mwisho ya mwezi mlete na tawi moja lililobanwa katika gazeti kuukuu, lenye majani, na ua au tunda kama lipo. Mizizi msichimbe, tawi latosha.